Jinsi ya kuandika "kabla" kwa fomula bila kuiharibu: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepewa sentensi kama "Aliondoka kabla hawajafika" au "Kengele ilie kabla mlango haujafunguka", akatakiwa kuigeuza fomula inayoweza kukaguliwa na mwenzake au na kompyuta. Nachukulia kwamba alama ∧, ∨, ¬ na → unazijua, na kwamba ∃ unaisoma "upo angalau mmoja" na ∀ unaisoma "kila".

Kabla ya hatua zenyewe, shika jambo moja, maana makosa mengi yanatoka hapo. "A kabla ya B" haisemi "A, kisha B". Inasema A ilitokea wakati B bado. Kauli hizo mbili zinafanana mpaka siku utakapokutana na tukio lenye urefu, tukio linalojirudia, au tukio ambalo halikutokea kabisa.

Hatua ya 1: Chora mstari, chagua alama moja

Chukua karatasi, chora mstari wa wakati kutoka kushoto kwenda kulia. Nukta zake ziite t, u, v. Tumia alama < peke yake, na uisome "imetangulia". Masharti yake ni matatu: hakuna nukta inayojitangulia yenyewe, t < u na u < v vikiwa kweli, basi t < v, na nukta mbili tofauti, lazima moja imtangulie mwenzake.

Usitumie ≤. Najua inafupisha, lakini kila fomula yenye ≤ inaficha swali la "na vikitokea kwa pamoja je?", nalo ni swali unalotakiwa kulijibu waziwazi.

Hatua ya 2: Tenga tukio na hali

Kufunguka ni tukio, linakaa kwenye nukta moja. Kuwa wazi ni hali, inashika kipindi kizima. Andika kwa kila kitenzi cha sentensi yako: nukta au kipindi? Kwa kipindi, andika mwanzo na mwisho wake. Hatua hii haichukui dakika mbili, lakini ukiiruka, hatua ya 4 na ya 8 zitakuadhibu.

Kwa vipindi viwili, usitosheke na "kabla" na "baada". Mwanasayansi wa kompyuta James Allen alionyesha mwaka 1983 kwamba vipindi viwili vinaweza kuhusiana kwa njia 13: kimoja kuisha kukiwa na pengo kabla ya kingine, kuisha pale pale kingine kinapoanzia, kupishana, kuanza pamoja, kuisha pamoja, kimoja kuwa ndani ya kingine (hizo ni sita, zigeuze zipate kumi na mbili), na kulingana kabisa. Inayosahaulika sana ni ya pili, ya kugusana bila pengo. Mwenye sentensi mara nyingi hajui kama anairuhusu. Muulize.

Hatua ya 3: Kagua viungo vinavyopanga matukio kimyakimya

"Alianguka na kuvunjika mguu" si sawa na "Alivunjika mguu na kuanguka". Katika mantiki, p ∧ q na q ∧ p ni kitu kimoja. Kwa hiyo "na" ya masimulizi haiandikwi kwa ∧ tupu: mpe kila tukio nukta yake, kisha ongeza t < u.

Kiambishi -ka- ndicho rahisi. "Alifungua mlango, akaingia, akawasha taa" ni t < u < v, basi. Hakisemi kwamba matukio yalifuatana papo kwa papo, kwa hiyo usiongeze "na hakuna kitu katikati". Ila ukiona kitenzi cha hali katikati ya mlolongo, "Akaingia; chumba kilikuwa na giza", hali hiyo haisogezi saa mbele. Giza lilikuwepo tangu kabla hajaingia.

Kiambishi -ki- ("aliingia akiimba") ni cha kupishana, hakina < ndani yake. Kiambishi -po- ndicho cha kuangalia. "Alipoingia, taa ilizimika" ni wakati uleule au mara tu baadaye. "Alipoingia, taa ilikuwa imezimika" imepindua mpangilio: kuzimika kumetangulia. Anayeamua hapo si -po-, ni kitenzi kikuu. Usiandike chochote kwa ajili ya -po- mpaka umesoma sentensi hadi mwisho.

Hatua ya 4: Andika "kabla" na "baada" kama mambo mawili tofauti

Hapa ndipo saa zinapopotelea, kwa hiyo twende taratibu.

Karibu kila anayeanza huandika "A kabla ya B" kama mshale kutoka A kwenda B, na "B baada ya A" kama mshale uleule ukisomwa kinyume. Kwa nukta mbili tupu, ni sawa. Kwa chochote chenye urefu au marudio, si sawa. Mwanafalsafa Elizabeth Anscombe alilionyesha jambo hili mwaka 1964, na fomula zinazotumika hadi leo ni hizi:

A kabla ya B: ∃t ( A(t) ∧ ∀u ( B(u) → t < u ) )

A baada ya B: ∃t ( A(t) ∧ ∃u ( B(u) ∧ u < t ) )

Soma kwa sauti; A(t) ni "A ipo kwenye nukta t". Ya kwanza: ipo nukta ya A iliyotangulia *kila* nukta ya B. Ya pili: ipo nukta ya A iliyotanguliwa na *angalau moja* ya B. Tofauti yote iko kwenye ∀ na ∃ ya ndani.

Jaribu kwa tarehe halisi. Woodrow Wilson alikuwa rais wa Marekani kuanzia 4 Machi 1913 hadi 4 Machi 1921. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Marekani ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani 6 Aprili 1917, na mapigano yakasimama 11 Novemba 1918.

"Wilson alikuwa rais baada ya Marekani kuwa vitani." Kweli: chukua siku yoyote ya 1919.

"Marekani ilikuwa vitani kabla ya Wilson kuwa rais." Uongo: hakuna siku ya vita hivyo iliyotangulia siku zote za urais wake.

Kama "kabla" ingekuwa "baada" iliyogeuzwa, sentensi hizo mbili zingekuwa kweli pamoja au uongo pamoja. Ongeza na hii: "Wilson alikuwa rais kabla ya Marekani kuwa vitani" nayo ni kweli, chukua 1914. Basi urais uleule ni kabla ya vita na ni baada ya vita, na hakuna mgongano wowote, kwa sababu kila sentensi imejichagulia nukta yake ndani ya kipindi kimoja kirefu.

Matokeo yake kwa kazi yako ni haya. "Kabla" inabaki na tabia njema za <: A ikiwa kabla ya B, na B kabla ya C, basi A ni kabla ya C; na haiwezekani A iwe kabla ya B huku B ikiwa kabla ya A. "Baada" haina dhamana hiyo. Mauaji ya Franz Ferdinand huko Sarajevo (28 Juni 1914) yalitokea baada ya Wilson kuwa rais. Wilson alikuwa rais baada ya vita. Ukiunganisha, unapata kwamba mauaji yalitokea baada ya vita, jambo ambalo ni upuuzi. Sentensi ya kwanza imehesabu kutoka mwanzo wa urais, ya pili imetumia mwisho wake. Ukiwa na programu inayounganisha kauli za "baada" moja baada ya nyingine, itakuzalishia upuuzi wa namna hii bila kulalamika.

Tahadhari ya kwanza. Kwa majina ya mambo mazima, kama vita, mkutano au upasuaji, msemaji wa "baada ya" huhesabu kutoka *mwisho*. Fomula ya ∃ hapo juu ni legevu kuliko anavyokusudia: ingeita Mei 1917 kuwa "baada ya vita". Dawa yake ni kuweka nukta ya mwisho mahali pa B. Vivyo hivyo "baada ya kuandika barua" ni baada ya kuimaliza, wala si baada ya kuandika mstari wa kwanza. Lakini "baada ya kuwa rais" kwa kawaida huhesabiwa kutoka siku ya kuapishwa. Hakuna kanuni ya mkato hapa. Kipi kinahesabika kinategemea aina ya kitenzi, ndiyo maana hatua ya 2 ilikutaka uandike mwanzo na mwisho.

Tahadhari ya pili, na hii huwapata hata wazoefu. Katika "kabla mlango haujafunguka" kuna ukanushi. Mtu anauona, anaandika ¬B mahali pa B, anapata:

∃t ( A(t) ∧ ∀u ( ¬B(u) → t < u ) )

Hiyo inasema kengele ililia kabla ya nukta zote ambazo mlango *haukufunguka*. Si hicho kilichosemwa. Je, basi ukanushi huo ni pambo, tuutupe? Hapana, na hapa sarufi inakufanyia kazi ya bure. "Haujafunguka", ukisimama kwenye nukta t, maana yake ni hii: haufunguki sasa, wala haukufunguka wakati wowote uliotangulia.

¬B(t) ∧ ∀u ( u < t → ¬B(u) )

Kwenye mstari mmoja ulionyooka, hiyo ni sawasawa kabisa na ∀u ( B(u) → t < u ). Thibitisha mwenyewe: kama hakuna B kwenye t wala kabla yake, B zote zilizopo lazima ziwe mbele ya t, na kinyume chake. Kwa hiyo "A kabla B haija-" inajisoma yenyewe: ipo nukta ya A, na kwenye nukta hiyo B haijatokea. Kiambishi -ja- kimekwisha kukuandikia ∀. Mimi huanza na umbo hili kila mara, hata sentensi iliyoletwa ikiwa na "kabla ya ku-": naigeuza kwanza iwe "kabla haja-", ndipo naandika fomula. "Baada" haikubali -ja- hata kidogo. Hakuna asemaye "baada hajafika", na fomula yake haina ∀ ya kubebwa.

Kipimo cha haraka cha kujua kama uko upande sahihi: weka "lolote" kwenye kishazi. "Aliondoka kabla hajasema neno lolote" inapita vizuri. "Aliondoka baada ya kusema neno lolote" inagoma mdomoni. Neno la aina hiyo hustawi pale panapokanushwa au panaposemwa "kila".

Hatua ya 5: Uliza kama B ilitokea

"Baada" inadai B ilitokea. ∃ Ya ndani imeshalisema. "Kabla" haidai. Linganisha:

"Gagarin aliizunguka dunia kabla Armstrong hajakanyaga Mwezi." Yote yalitokea, 12 Aprili 1961 na 20 Julai 1969.

"Walilitegua bomu kabla halijalipuka." Halikulipuka, na wala halitalipuka. Ndiyo hoja nzima ya kulitegua.

"Gaudí alifariki mwaka 1926 kabla hajakamilisha kanisa la Sagrada Família." Msanifu huyo wa majengo hakulikamilisha, na hawezi tena. Lakini badilisha mtendaji, "kabla kanisa halijakamilika", na ghafla mlango uko wazi: wengine waliendelea kulijenga.

Fomula ya "kabla" inazimeza zote tatu, kwa sababu B ikikosekana, ∀u ( B(u) → … ) inakuwa kweli kwa kukosa cha kuipinga. Kama unajua B ilitokea na matokeo yanategemea hilo, ongeza ∧ ∃u B(u). Kama hujui, acha. Usiongeze kwa mazoea tu.

Fomula hiyo ni karimu kupita kiasi kwa upande mmoja. "Alipiga chafya kabla pembetatu haijawa duara" kwayo ni kweli, ilhali msikilizaji ataikataa. Lugha inataka B iwe ilikuwa njiani, au angalau iliwezekana kwenye nukta ile. Tazama tena -ja-: "hajafika" inaacha tarajio, "hakufika" inafunga faili, na ndiyo maana hatusemi "kabla hakufika". Wanaisimu David Beaver na Cleo Condoravdi walilishughulikia mwaka 2003 kwa kuruhusu wakati uchipue matawi kutoka nukta ya A, na kuitafuta B kwenye matawi yaliyokuwa yanawezekana. Kwa semantiki (elimu ya maana) ya lugha ni njia nzuri. Kwa kazi ya kukagua mifumo, matawi hayo yatakuongezea kazi bila faida. Andika tu maelezo pembeni kwamba B inawezekana, na uendelee.

Hatua ya 6: Dirisha na vipimo

"Kila nukta ya B" ni ya tangu lini? "Nilinawa kabla ya kula" haisemi kwamba sijawahi kula maishani. Weka dirisha W na ulitaje ndani ya fomula: ∀u ( W(u) ∧ B(u) → t < u ). Bila dirisha, tukio linalojirudia huifanya "kabla" iwe uongo karibu kila mara.

"Dakika 5 kabla ya kuruka" haiandikiki kwa < peke yake; unahitaji saa yenye namba na sharti la u − t = 5. Uliza kama ni 5 kamili, 5 au zaidi, au ndani ya 5. Uliza pia zinahesabiwa kutoka wapi: "kabla" hupima hadi mwanzo wa B, "baada" mara nyingi hupima kutoka mwisho wake.

Hatua ya 7: Opereta za njeo, ukitakiwa

Opereta ni alama inayobeba wakati ndani yake, bila kutaja t wala u. Ruka hatua hii kama hakuna aliyekuagiza uzitumie. Mwanamantiki Arthur Prior wa New Zealand (1914–1969) alitupa herufi nne: P (iliwahi kuwa), F (itakuja kuwa), H (imekuwa hivyo wakati wote uliopita), G (itakuwa hivyo wakati wote ujao). Kwa yaliyopita:

A kabla ya B: P ( A ∧ ¬B ∧ H¬B )

A baada ya B: P ( A ∧ PB )

Tazama ¬B ∧ H¬B. Ni -ja- ileile. Kosa la kawaida ni kuandika "kabla" kama P ( B ∧ PA ), ambayo ni "B baada ya A" na si kingine, na inadai B ilitokea.

Kwa "alikuwa ameondoka", tumia nukta tatu za Hans Reichenbach (1947): nukta ya tukio, nukta ya marejeo na nukta ya kusema, zikifuatana hivyo hivyo. "Saa nne alikuwa ameondoka" inaiweka saa nne kwenye marejeo. Kuondoka kulitokea mapema zaidi, hatujui lini.

P na F hazitoshi kwa "tangu" na "hadi". Hans Kamp alithibitisha mwaka 1968 kwamba ukiongeza opereta mbili, S (tangu) na U (hadi), basi kwenye mstari usio na mapengo unaweza kusema lolote ambalo fomula zenye ∃, ∀ na < zingesema. Lakini ushauri wangu haubadiliki: anza na t na u, pata maana, kisha hamia kwenye opereta. Anayeanza na opereta huwa anakisia.

Hatua ya 8: Sharti la mfumo, na majaribio sita

Amir Pnueli alizileta opereta hizi kwenye programu za kompyuta mwaka 1977, na wengi wanaosoma mwongozo huu watazitumia huko. Chukua "kengele ilie kabla mlango haujafunguka". Ita k "kengele inalia sasa", f "mlango unafunguka sasa". Wakati ni hatua 0, 1, 2 na kuendelea. Kwenye vikaguzi, yaani programu zinazopima kama mfumo unaitimiza fomula, F na G huihesabu na hatua ya sasa yenyewe, tofauti na za Prior.

Kabla hujaandika fomula yoyote, andika mifuatano hii sita kwenye karatasi, kila mmoja ukifuatiwa na kimya cha milele, na uweke alama ya kukubali au kukataa:

1. kengele, mlango
2. mlango, kengele
3. kengele na mlango kwa pamoja
4. hakuna kitu
5. kengele peke yake
6. kengele, mlango, mlango

Wa 1, 4 na 5 unakubaliwa. Wa 2 unakataliwa. Wa 3 na 6 ndiyo maswali yenyewe. Kampate mwenye mfumo akujibu. Sasa pitisha fomula moja moja.

G ( k → F f ). Ndiyo inayoandikwa zaidi, na ni mbovu mara mbili. Inasema kila kengele itafuatiwa na mlango. Inaukataa mfuatano wa 5 bila sababu, na inaukubali "mlango, kengele, mlango". Wa 2 inaukataa kwa bahati tu, kwa kuwa kengele yake haifuatiwi na mlango, si kwa kuwa mlango umetangulia.

¬f U k, yaani mlango usifunguke hadi kengele ilie. Karibu. Lakini U inadai k ije kweli siku moja, kwa hiyo mfuatano wa 4 unakataliwa: mfumo unalaumiwa kwa kutopiga kengele ya mlango ambao haukufunguliwa kamwe. Ni swali la hatua ya 5, limerudi.

¬f W k. W hapa si dirisha la hatua ya 6; ni "hadi" isiyodai mwisho ufike. Sasa 4 na 5 zinapita. Ila kwenye hatua ambayo k inatokea, fomula haisemi lolote kuhusu f, kwa hiyo mfuatano wa 3 unakubaliwa. Kama mwenye mfumo amesema kwa pamoja ni sawa, ishia hapa.

k R ¬f. Hii ndiyo "kabla" kamili. R hushikilia ¬f hadi na *pamoja na* hatua ambayo k inatokea kwa mara ya kwanza. K isipotokea, ¬f inashikiliwa milele. Mfuatano wa 3 unakataliwa.

Kikaguzi nikipendacho kwa kazi hii ni NuSMV, kwa sababu kinakubali opereta za wakati uliopita. SPIN, kikaguzi kingine, hutumia za mbele pekee, na kusema "iwe imeshalia" kwa opereta za mbele tupu ni kuzunguka mlima. NuSMV haina W, andika (!funguka U kengele) | G !funguka, ambapo ! ni ¬ na | ni ∨. R inaandikwa kwa herufi V, hivyo sharti letu kamili, likianza na LTLSPEC, neno la kuiambia NuSMV kwamba hili ni sharti la kukaguliwa, ni:

LTLSPEC kengele V !funguka

Mfuatano wa 6 bado unapita, maana fomula hizi zote zinalinda mlango wa kwanza tu. Kama kila ufunguzi unahitaji kengele yake, geukia nyuma:

LTLSPEC G (funguka -> Y ((!funguka) S kengele))

Y ni "hatua iliyopita". Isome: kila mlango unapofunguka, ukisimama hatua moja nyuma, kengele ilikuwa imelia, na tangu ilipolia mlango haujafunguka tena. Wa 6 unakataliwa. Mlango ukifunguka hatua ya 0 unakataliwa pia, kwa sababu hakuna hatua iliyopita na Y inakuwa uongo. Kuna upenyo mmoja: kengele iliyolia sambamba na ufunguzi wa kwanza itahesabiwa kwa ufunguzi wa pili. Hutaki? Weka S (kengele & !funguka).

Kikaguzi kikiikataa fomula hii kwenye mfumo unaoonekana mzima, usianze kuigusa fomula. Angalia kwanza funguka imefafanuliwaje. Mara nyingi imepewa thamani ya "mlango uko wazi". Mlango ukibaki wazi hatua tatu, fomula inaona funguzi tatu na kudai kengele tatu. Unahitaji ukingo, yaani pale hali inapobadilika. Y hairuhusiwi ndani ya DEFINE, kwa hiyo weka kigezo cha kukumbuka hatua ya nyuma:

VAR awali : boolean;
ASSIGN init(awali) := FALSE; next(awali) := wazi;
DEFINE funguka := wazi & !awali;

Thamani ya FALSE pale mwanzo ni uamuzi: mfumo ukianza na mlango wazi, hilo litahesabika kuwa ufunguzi. Ukitaka mlango uliokuwa wazi tangu mwanzo usihesabiwe, weka TRUE.

Hatua ya 9: Mashine zaidi ya moja

Yote hayo yanadai mstari mmoja. Rekodi zikitoka kwenye mashine mbili zenye saa mbili, mstari huo haupo, na kuzipanga kwa muda ulioandikwa kwenye kila rekodi ni kujidanganya, saa zinapishana. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport aliweka kanuni mwaka 1978: a imetangulia b ikiwa zote ziko kwenye mashine moja na a ilikuja kwanza, au a ni kutuma ujumbe na b ni kupokea ujumbe uleule, au kuna mnyororo wa hatua kama hizo kati yao. Nje ya hapo, hakuna aliyetangulia.

Sharti la tatu la hatua ya 1 linaanguka, na linaanguka pamoja na usawa tuliothibitisha hatua ya 4: "hakuna B iliyotangulia a" si tena sawa na "B zote ziko mbele ya a". Sentensi ya "kabla" inagawanyika mara mbili, moja kali na moja legevu, nawe unachagua. Kwa sharti la usalama chagua kali, a < b kwa mnyororo. Ikiwa mnyororo huo haupo kwenye mfumo, fomula haitauumba. Mbunifu aongeze ujumbe kutoka mashine ya kengele kwenda mashine ya mlango, na mlango usifunguke mpaka ujumbe huo umepokelewa.